Galveston – Cozumel – Progreso, usiku 5, mume na mke: makaratasi, chumba na saa za kurudi melini

Mkazi_wa_Katy aliuliza:

Wakuu, salaam aleikum na habari za leo.

Mimi na mama watoto tunataka kutoka kidogo mwishoni mwa Januari, kabla Mwezi Mtukufu haujaingia. Watoto watabaki na bibi yao. Tunakaa Katy, karibu na Houston, Texas, kwa hiyo meli ya kitalii inayotokea Galveston inatuepusha na mambo ya ndege. Safari mbili zimetuvutia. Moja ni ya usiku 4, Alhamisi hadi Jumatatu, nayo inafika Cozumel, kisiwa cha Meksiko, peke yake. Nyingine ni ya usiku 5, inafika Cozumel na kesho yake Progreso, bandari ya Meksiko kwenye rasi ya Yucatán. Tofauti ya bei si kubwa.

Tusaidieni kwenye haya. Mimi nina grini kadi na pasipoti ya Tanzania. Mke wangu ameapa uraia hivi karibuni, cheti anacho, pasipoti ya Marekani bado hajaomba. Je, tutahitaji viza ya Meksiko? Pili, chumba gani kinamfaa mama watoto, anayechafukwa moyo hata kwenye boti ya Zanzibar? Tatu, tukishuka tufanye nini ambacho si kununua fulana tu? Nne, hatunywi pombe na tunakula halali, chakula kitakuwaje? Na mwisho, bei ya tangazo inaficha nini?

Binamu yangu yuko Los Angeles, anasema tuachane na Texas twende Ensenada, bandari ya Meksiko upande wa Pasifiki. Nayo semeni.

---

Karani_Makaratasi alijibu:

Kaka, anza na shemeji, maana yeye ndiye mwenye foleni.

Safari inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani ina nafuu kwa raia. Sheria inamruhusu kurudi kwa cheti halisi cha uraia pamoja na kitambulisho chenye picha, kama leseni ya udereva. Kwa hiyo hata bila pasipoti shemeji hazuiliwi. Lakini mimi simshauri mtu abebe cheti kile baharini. Kikipotea au kikilowa, kupata kingine ni miezi na mamia ya dola. Tena kikwazo kikubwa kiko kwingine: meli ikikuacha Cozumel, au ukaugua ukashushwa hospitali, utarudi kwa ndege, na kwa ndege cheti hakitambuliki, ni pasipoti tu. Hapo utaanza kutafuta ubalozi mdogo wa Marekani ukiwa huna hata nguo za kubadili.

Aombe pasipoti sasa. Fomu ni DS-11, anaipeleka mwenyewe posta au kwa karani wa kaunti, asiisaini mpaka aambiwe. Kitabu ni dola 130, ada ya kupokea maombi dola 35 inalipwa kando. Akiongeza dola 30 anapata na pasipoti ya kadi, ile ndogo ya mfukoni. Kadi hiyo inatosha kwa kurudi kwa meli, haitoshi kwa ndege. Faida yake ni kwamba kitabu mnakifungia kwenye kasha la chumbani, naye anashuka bandarini na kadi. Muda wa kawaida ni wiki 4 hadi 6, kuharakisha kwa dola 60 ni wiki 2 hadi 3, na humo siku za posta hazijahesabiwa. Cheti cha uraia kinakwenda na maombi, na mara nyingi kinarudi kwa bahasha ya pekee baada ya pasipoti, asishtuke kisipofika pamoja nayo.

Ile pasipoti yake ya Tanzania asiitumie kwa safari hii. Raia wa Marekani anatakiwa kuingia Marekani kwa hati za Marekani, na Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili.

Jina! Hapa ndipo mume na mke wengi hukwama. Tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye hati atakayosafiri nayo. Kama aliapa kwa jina la ubini wako na leseni bado ina jina la kwao, basi cheti, leseni na tiketi vitagombana kwenye dawati la kuingilia. Alinganishe kwanza, ndipo mlipe.

Wewe sasa. Meksiko haidai viza kwa mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani, pasipoti yake iwe ya nchi yoyote. Unabeba vyote viwili, grini kadi halisi na pasipoti ya Tanzania iliyo hai. Picha ya kadi kwenye simu si kadi. Pasipoti yako ikikaribia kuisha, anza mapema na ubalozi wetu Washington. Kampuni za meli hupendekeza iwe na angalau miezi 6 baada ya safari. Kwa wanaosoma ambao kadi imeisha na wameomba mpya kwa fomu I-90, barua ya kupokelewa huongeza uhai wa kadi kwa miezi 36. Wa I-751, fomu ya kuondoa masharti kwenye grini kadi ya miaka 2, ni miezi 48. Beba barua halisi pamoja na kadi iliyoisha, na uwaandikie kampuni ya meli mapema wakujibu kwa maandishi kama wataipokea. Mhudumu wa dawati ana dakika chache, na barua hizo hazioni kila siku.

Wenye hali nyingine, soma polepole. Mwenye maombi ya hifadhi yanayosubiri asipande meli hii bila kibali cha kurudi, kile cha fomu I-131, kikiwa mkononi. Kutia mguu Cozumel ni kutoka Marekani, hata kama jioni unalala kwenye kitanda kilekile. Mwanafunzi au mfanyakazi mwenye viza iliyoisha anaweza kusikia kuwa safari ya siku zisizozidi 30 kwenda Meksiko inaruhusiwa kwa I-94 iliyo hai, yaani hati inayoonyesha kuingia kwake Marekani na muda wa kukaa. Hilo lipo, ila linatatua upande wa Marekani tu. Upande wa Meksiko msamaha wa viza ni kwa mwenye viza ya Marekani iliyo *hai* au mkaazi wa kudumu, kwa hiyo huenda akahitaji viza ya Meksiko. Na kwa kuwa masharti ya kuingia kwa pasipoti za baadhi ya nchi za kwetu yamebadilika tangu 2025, mwenye viza ya muda azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kulipa.

---

Sitaha_ya_Tano alijibu:

Karani kamaliza. Mimi niseme meli yenyewe.

Chukueni usiku 5. Kutoka Galveston hadi Cozumel ni kama siku moja na nusu ya kusafiri, na meli inarudi umbali uleule. Safari ya usiku 4 ina siku mbili nzima baharini kwa bandari moja. Ukiongeza usiku mmoja unapata bandari ya pili, siku za bahari zinabaki mbilimbili. Hesabu ya saa za nchi kavu inakuwa karibu maradufu.

Chumba: kwa anayechafukwa moyo, tafuta katikati ya urefu wa meli na sitaha za chini. Meli huinuka na kushuka kama pembea ya mbao, na katikati ndiko kusikotikisika sana. Mbele kabisa na juu kabisa kukimbieni. Kabla ya kulipa, fungua ramani ya sitaha uangalie kilicho *juu* na *chini* ya chumba hicho. Chini ya bwawa au mkahawa wa kujihudumia utasikia viti vikiburutwa saa 11 alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki utahesabu ngoma hadi saa 8 usiku. Chumba kilichopakana na vyumba juu na chini ndicho kinachotakiwa. Bei nafuu zaidi mara nyingi ni ile ambayo kampuni inakuchagulia chumba yenyewe, na kwa hali ya shemeji msiichukue, mnaweza kutupwa puani kabisa.

Roshani Januari? Ghuba ya Meksiko mwezi huo ina upepo, na siku mbili za bahari huenda msikae nje hata saa moja. Chumba chenye dirisha sitaha za chini kinampa jicho mstari wa upeo wa macho, jambo linalosaidia kichefuchefu, na pesa ya roshani mnaitumia nchi kavu. Vitanda huwa viwili vyembamba vinavyounganishwa. Hakikisha kwenye nafasi yenu imeandikwa viunganishwe, la sivyo mwambieni mhudumu wa chumba siku ya kwanza.

Dawa ya kichefuchefu inayopatikana bila cheti cha daktari ni ya meclizine. Inafanya kazi ikitangulia: anywe jioni kabla ya kuondoka au angalau saa moja kabla, halafu kwa vipimo vya kwenye boksi. Akishaanza kutapika imechelewa. Huleta usingizi. Tangawizi inasaidia wengine, na matofaa ya kijani yapo melini. Kama ni mjamzito, amuulize daktari kwanza. Na mjue kampuni kubwa hazimpandishi mama atakayekuwa ametimiza wiki 24 kabla safari haijaisha.

Mizigo. Masanduku makubwa mnawaachia wapagazi yakiwa na lebo za chumba, na yanaweza kufika mlangoni jioni. Mkoba wa mkononi uwe na hati zote, dawa, chaja na nguo za kuogelea. Hati zikiwa ndani ya sanduku mlilokabidhi, hamtaingia melini mpaka lipatikane. Vitu vinavyokamatwa kwenye mashine: pasi ya nguo, birika la umeme, waya wa kuongezea soketi wenye kizuia umeme mkubwa, mishumaa, na kwa watu wetu sana sana udi na ubani. Chetezo cha mkaa au cha umeme vyote vibaki Katy. Manukato ya chupa hayana neno. Sambusa za nyumbani pia haziingii. Biskuti zilizofungwa kiwandani zinaingia. Soda au maji ya makopo huruhusiwa hadi makopo 12 kwa mtu siku ya kupanda, yabebwe mkononi.

Zoezi la usalama siku ya kwanza ni lazima kwa kila abiria. Unatazama video, kisha unakwenda kituo chenu kuandikishwa. Malizeni kabla ya kula. Jina lililobaki hutangazwa meli nzima.

Simu: mkipanda tu, hali ya ndege. Vifurushi vingi vya Marekani vina Meksiko ndani yake, lakini mtandao wa melini baharini si Meksiko, ni wa setilaiti na hutozwa kwa dakika na kwa megabaiti. Mkikanyaga gati zimeni hali ya ndege, mkirudi iwasheni tena.

---

Binti_Pangani alijibu:

Nchi kavu niachieni mimi.

Cozumel. Kuna gati tatu. Punta Langosta iko mjini San Miguel, unashuka na kutembea. International Pier na Puerta Maya ziko kilomita 4 au 5 kusini, hapo ni teksi. Teksi hazina mita. Bei zimebandikwa kwenye ubao kwa kanda, kwa gari zima la watu hadi 4, si kwa kichwa. Soma ubao, taja unakokwenda, kubalianeni, ndipo mkae. Ukitoka gatini utapita kwenye maduka ya vito na tequila, na watu watakaokuuliza ulikotoka kwa upole mno. Anayekupa teksi ya bure au kiingilio cha bure anakupeleka kusikiliza mauzo ya nyumba za likizo, na saa mbili zako zimekwenda.

Upande wa magharibi wa kisiwa ndio wa kuogelea, maji meupe na ya utulivu. Mashariki ni pazuri kwa macho, lakini mkondo ni mkali na bendera nyekundu zipo kwa sababu. Kwa mume na mke wenye siku moja ningefanya hivi: boti ndogo ya asubuhi yenye vituo vitatu, miamba ya matumbawe ya Palancar na Colombia, kisha El Cielo. El Cielo ni fungu la mchanga mweupe ambapo maji yanafika kiunoni na chini kuna nyota za bahari kubwa. Hazishikwi wala hazitolewi majini hata kwa picha. Boti huchukua kama saa 3 hadi 4. Mkirudi mnakula mjini, kisha gatini.

Kwenye matumbawe mkondo mara nyingi unakwenda kaskazini na boti inawafuata, kwa hiyo msishindane nao, acheni uwabebe. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuelea na aseme mapema. Wanaongoza kwa kamba au boya. Eneo lile ni hifadhi ya taifa tangu 1996, na waendesha boti huwaambia abiria wasipake mafuta ya kuzuia jua kabla ya kuingia majini, hata yale yaliyoandikwa kuwa salama kwa matumbawe. Shemeji akivaa burkini au fulana ya mikono mirefu tatizo limekwisha, na wengi melini watakuwa wamevaa hivyohivyo kwa sababu ya jua.

Mkitaka kulala tu ufukweni, kuna klabu za ufukweni kusini mwa gati ambazo mnalipa mara moja, chakula na vinywaji ndani. Kwa wasiokunywa pombe bei hiyo haina faida. Tafuteni zile zinazotoza kiingilio kidogo, chakula unaagiza mwenyewe.

Tulum, magofu ya Wamaya upande wa bara, siwashauri. Ni feri ya kama dakika 45 hadi Playa del Carmen, kisha barabara, kisha kurudi kwa njia hiyohiyo. Siku yote mko kwenye viti. Pikipiki za kukodi pia ziacheni. Ajali za watalii ziko huko, na bima yake ni karatasi tu.

Chakula. Rasi ya Yucatán ni nchi ya nguruwe, tusidanganyane. *Cochinita pibil* ni nguruwe. *Lechón* ni nguruwe. Ila mtego ni *manteca*, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia kwenye maharage ya kusaga, tamale na chapati zao za ngano. Uliza: «¿Lleva manteca?», yaani, kina manteca? Chapati za mahindi kwa kawaida hazina. Mahali salama ni samaki: *pescado tikin-xic*, samaki mzima aliyepakwa kiungo chekundu cha achiote na maji ya danzi, yale machungwa machungu, akaokwa ndani ya jani la mgomba. Mtu wa Tanga atajiona kwao. Na ile pilipili ya habanero mezani ni ndugu wa pilipili mbuzi, kwa hiyo heshima ileile.

Melini, andikieni idara ya mahitaji maalumu mara mkishalipa, mtaje halali, mpate jibu la maandishi. Msingoje siku ya kupanda. Kinachotolewa hutofautiana, na nyama ya kawaida ya jikoni si halali. Samaki, mayai na mboga za Kihindi mkiagiza jioni kwa ajili ya kesho yake huwafikisha vizuri. Muulizeni mkuu wa wahudumu kama samaki anakaangwa kwenye mafuta ya pamoja.

Fedha. Dola zinapokelewa, chenji inarudi kwa peso kwa bei ya mwenye duka. Bebeni noti za 1, 5, 10 na 20, zisizochanika. Noti iliyopasuka hukataliwa. Mashine ya kadi ikiuliza dola au peso, chagueni peso, benki yenu itabadilisha kwa nafuu.

---

Nanga_Houston alijibu:

Dada Binti Pangani kairuka Progreso, ngoja niutetee mji huo maana watu wanausema vibaya.

Ni kweli ufukwe wake si wa kadi ya posta. Mwamba wa chokaa wa Yucatán unashuka baharini polepole mno, maji ni ya kina kifupi hadi mbali, ndiyo maana gati lake lina urefu wa kilomita 6.5. Meli inafunga huko mwisho, mnapanda basi la bure hadi mjini. Mchanga wa chini ni laini, kwa hiyo maji huwa ya kijani kibichi chenye tope. Mkienda mkitarajia Cozumel ya pili mtanuna.

Nendeni El Corchito, pembeni tu mwa mji: boti fupi inawavusha hadi msitu wa mikoko wenye vidimbwi vya maji baridi yanayotoka chini ya ardhi, yale wanayoyaita senote. Kaeni macho na wanyama wadogo wenye mkia mrefu wanaofungua mifuko ya watu kutafuta chakula. Au pandeni basi la AutoProgreso hadi Mérida, kama kilomita 35, mle, mzunguke uwanja wa kanisa kuu. Njiani kuna magofu ya Wamaya ya Dzibilchaltún, yenye hekalu la wale wanasesere saba. Chichén Itzá, magofu makubwa ya Wamaya yenye piramidi, ni kama saa 2 kwenda na 2 kurudi. Mkiitaka kweli, chukueni ziara inayouzwa na meli yenyewe, si ya nje, kwa sababu ya saa. Piramidi haipandwi tena, mjue mapema. Na kwa wapenda elimu: kilomita chache mashariki mwa Progreso ni Chicxulub, kitovu cha shimo la kimondo cha miaka milioni 66 iliyopita, na senote nyingi za eneo lile zimejipanga kwenye ukingo wa shimo hilo.

Sasa saa, jambo linaloacha watu gatini. Cozumel iko jimbo la Quintana Roo, ambalo tangu 2015 halibadilishi saa na linafuata saa za mashariki mwaka mzima. Progreso iko jimbo la Yucatán, nayo haibadilishi tangu Meksiko ilipofuta saa za kiangazi 2022, ila yenyewe inafuata saa za kati. Januari, Cozumel iko saa moja mbele ya Galveston, na Progreso iko sawa na Galveston. Kati ya Machi na Novemba mambo yanageuka: Cozumel sawa na Galveston, Progreso nyuma kwa saa moja. Simu yako inajigeuza yenyewe ikinusa mnara, wakati meli inafuata saa ya nahodha. Kwenu Januari hatari iko Cozumel iwapo nahodha atasogeza saa za meli na ninyi mkabaki na saa ya mkononi ya Galveston. Wa kiangazi, hatari iko Progreso: simu itakuambia saa 9 wakati meli imeshafika saa 10. Zima kujigeuza kwa saa kwenye simu, linganisha na saa iliyo chumbani au kwenye programu ya meli *kabla ya kushuka*, na uangalie saa ya mwisho ya kuwa ndani, ambayo hutangulia saa ya kung'oa nanga kwa nusu saa hadi saa nzima. Ziara ya meli ikichelewa, meli inaingoja au kampuni inabeba gharama ya kuwafikisha. Ya nje, ni juu yenu. Kwa ziara ya nje jiwekeeni saa moja na nusu ya ziada.

Hali ya hewa: Januari kuna *nortes*, pepo za baridi zinazoshuka kutoka bara la Marekani. Si kaskazi ile ya kwetu ya jua na majahazi ya Uarabuni. Hii inaweza kufunga bandari kwa siku moja au mbili, na Progreso ndiyo huumia zaidi kwa kuwa gati limechomoza kuelekea kaskazini bila kinga. Meli ikiruka bandari mnarudishiwa ada za bandari na ziara mliyonunua melini, nauli hairudi. Kwa ziara za nje, lipieni zile zenye kurudisha pesa meli isipofika. Faida ya Januari ni kwamba mwani ule wa kahawia unaojaa fukwe za Karibi kuanzia majira ya kuchipua huwa haujawa tatizo, na maji ya Cozumel yako karibu nyuzi 26. Bebeni masweta kwa siku za bahari.

Kuhusu Ensenada ya binamu: ni safari fupi na nzuri kwa mtu wa California. Lakini Pasifiki ya huko ni baridi, watu huenda kuona La Bufadora, tundu la mwambani linalorusha maji ya bahari juu, na mashamba ya zabibu ya Valle de Guadalupe. Ninyi mnataka bahari ya kuingia. Tena mtaongeza nauli ya ndege.

---

Karani_Makaratasi alijibu:

Bei ya tangazo, kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Huwa ni kwa mtu mmoja kati ya wawili wa chumba, kwa hiyo zidisha kwa 2. Angalia kama kodi na ada za bandari zimo. Humo kuna na tozo ya Meksiko kwa abiria wa meli, iliyoanza na dola 5 Julai 2025 na kupangwa ipande kwa hatua hadi 21 mwaka 2028. Mnalipa kupitia kampuni, hakuna wa kuwadai gatini. Bakshishi inayoongezwa yenyewe kwenye akaunti yenu ni kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku. Kwa usiku 5, watu 2, ni dola 160 hadi 200. Maegesho Galveston hesabu dola 15 hadi 30 kwa siku, na siku ni 6, si 5. Kifurushi cha vinywaji vya pombe msikiguse. Maji, chai na kahawa ya kawaida ni bure.

Akaunti ya melini fungueni kwa kadi ya mkopo. Ukiweka kadi ya benki ya moja kwa moja, wanashikilia kiasi kila siku, na pesa hiyo inaweza kukaa imefungwa siku kadhaa baada ya kushuka, kodi ya nyumba ikiwa inangoja.

Bima ya safari iwe na matibabu *na* kusafirishwa mgonjwa. Bima nyingi za kazini hazilipi kliniki ya melini moja kwa moja, mnalipa kwanza.

---

Mkazi_wa_Katy aliandika:

Allah awabariki. Tumekubaliana usiku 5, chumba cha dirisha katikati, na pasipoti anaomba wiki hii. Mawili yamebaki. Bakshishi ile inatosha au tuongeze? Na siku ya kurudi nina zamu kazini saa 6 mchana, Houston katikati. Nitawahi?

---

Nanga_Houston alijibu:

Bakshishi ile inayoongezwa yenyewe inatosha. Mhudumu wa chumba akiwatendea vizuri mpeni dola 10 au 20 mkononi jioni ya mwisho. Boti ya Cozumel ni hesabu nyingine, kama asilimia 15 ya bei kwa mabaharia wote.

Zamu ibadilishe. Januari hadi Machi ukungu wa Galveston hufunga mlango wa bandari, na meli inaweza kungoja nje saa kadhaa, wakati mwingine siku nzima. Hata kukiwa shwari, kushuka huanza kama saa 1 na nusu asubuhi na kwenda kwa makundi. Mkibeba masanduku yenu wenyewe mnatoka mwanzo. Mkiyaweka nje ya mlango usiku wa mwisho mnangoja zamu ya lebo yenu. Kisha uhamiaji, ambako kwa mwenye grini kadi huweza kuwa na foleni tofauti, kisha forodha. Wanaorudi na chupa ya pombe ya zawadi hukutana na maafisa wa jimbo la Texas wanaotoza kodi ya kila chupa papohapo. Matunda msiyabebe hata yale ya mezani melini. Baada ya hapo I-45 hadi mjini ni kama saa moja barabara ikiwa wazi. Omba ruhusa ya siku nzima.